Taya Limefungwa Waya: Mwongozo Kamili wa Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani

Maswali ya wanaouguza mtu aliyefungwa taya yanafanana mno. Amekonda mpaka suruali zinamvuka. Mdomo unanuka. Alishindwa kuvumilia njaa, akakata waya mwenyewe usiku, sasa meno hayakutani. Au nyaya zimeshatolewa, mfupa umeunga, lakini mdomo unapitisha kidole kimoja tu.

Haya yote huanzia nyumbani, si kwenye chumba cha upasuaji. Daktari ameurudisha mfupa mahali pake na kuufunga. Wiki zinazofuata zinategemea jikoni, mswaki na mtu wa kumwangalia mgonjwa.

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima aliyevunjika taya, kwa ajali ya bodaboda, kuanguka au ngumi, akafungwa fito za chuma kwenye meno ya juu na ya chini, kisha fito hizo zikaunganishwa kwa waya ili mdomo usifunguke. Kama amewekewa bamba na skrubu na mdomo unafunguka, soma sehemu ya chakula na ya usafi tu. Kwa kawaida mtu mzima hufungwa wiki 4 hadi 6. Mtoto hukaa muda mfupi zaidi kwa kuwa mfupa wake huunga haraka. Taya likivunjikia karibu na kiungo, pale mbele ya sikio, daktari hufungua mapema zaidi kwa sababu kiungo kikilala muda mrefu hukakamaa.

## Vitu vya kuandaa kabla hajafika nyumbani

- Plaizi ndogo ya kukatia waya, kama ile ya fundi umeme. Iwe mpya au yenye makali. Kama amefungwa kwa rababendi badala ya waya, mkasi mdogo unatosha.
- Mabomba mawili ya sindano ya ml 50 au 60, bila sindano, na kipande cha mpira laini wa kuchomeka mbele yake. Duka la dawa lolote kubwa linayo.
- Blenda. Kama hakuna umeme, kinu na mchi vinafanya kazi ileile, ila utachoka.
- Chujio la chai lenye matundu madogo, na kitambaa cheupe cha kuchujia tui.
- Mswaki wa mtoto, laini, wenye kichwa kidogo.
- Chumvi, na dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2.
- Nta ya meno ya kufunika ncha za waya, na mafuta ya mgando ya kupaka midomo.
- Tochi, kioo na mizani ya kupimia uzito. Mizani ya zahanati au duka la dawa la jirani inatosha.

## Hatua ya 1: Usitoke wodini bila kuonyeshwa nyaya za kukata

Mwambie daktari au muuguzi akuonyeshe, kwa kidole, nyaya zinazoshuka kutoka ufito wa juu kwenda ufito wa chini. Hizo ndizo zinazofunga mdomo, na ndizo pekee zinazokatwa kukiwa na dharura. Nyaya nyembamba zinazozunguka jino mojamoja kushikilia ufito haziguswi.

Piga picha kwa simu, midomo ikiwa imevutwa pembeni. Hesabu nyaya za kukata ni ngapi, uandike namba hiyo chini ya picha. Omba kipande cha waya kilichobaki ukijaribie plaizi yako. Waya huu ni laini lakini si uzi, na plaizi butu huuminya tu bila kuukata. Heri ulijue hilo mchana, wodini, kuliko usiku wa manane mgonjwa akitapika.

Mjulishe daktari, ikiwezekana kabla hajafungwa, kama mgonjwa ana kifafa, pumu kali, ujauzito wenye kutapika au ni mnywaji wa kila siku. Watu hawa wako hatarini zaidi mdomo ukifungwa, na daktari anaweza kuchagua njia nyingine.

Umefaulu ikiwa: watu wawili nyumbani, si wewe peke yako, wanaweza kuonyesha kwenye picha waya wa kukata na wa kuacha.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kushuka. Kwa hiyo usishtuke akiamka siku ya pili uso umevimba kuliko alipotoka hospitali.

Alale kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu, si chali bapa. Damu na majimaji hushuka, na mate humtoka kwa urahisi. Mkande kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha apumzike. Barafu haikai moja kwa moja kwenye ngozi, hasa kama shavu limekufa ganzi, kwa sababu hatahisi ikimuunguza.

Mate yatamtoka mfululizo. Mpe taulo ndogo, na umwambie anaweza kuyameza. Wagonjwa wengi huogopa kumeza wakidhani watasakamwa.

### Dawa za maumivu

Hapa familia nyingi hukosea kwa wema. Wananunua parasetamoli ya maji ya watoto na kumpa mtu mzima kijiko kimoja. Dawa hiyo mara nyingi ina mg 120 katika kila ml 5, na dozi ya kawaida ya mtu mzima ni mg 500 hadi 1,000. Kijiko kimoja hakimsaidii chochote, na usiku kucha anagugumia. Kuifikia mg 1,000 ingebidi anywe zaidi ya ml 40, yaani vijiko vinane na ushei. Ni afadhali kusaga vidonge vya kawaida vya mg 500 viwe unga kabisa, ukoroge kwenye maji na kumpa kwa bomba. Asizidishe mg 4,000 kwa saa 24. Mgonjwa mwenye uzito mdogo au tatizo la ini hupangiwa dozi yake na daktari.

Usisage kila kidonge unachokikuta. Vile vinavyoyeyuka polepole, na vile vilivyofunikwa visiyeyukie tumboni, vikisagwa huweza kutoa dawa yote kwa mkupuo au kuharibika kabla havijafanya kazi. Muulize mfamasia kidonge kimojakimoja, antibayotiki zikiwemo, na amalize dozi aliyoandikiwa.

## Hatua ya 3: Chakula

Kosa kuu ni uji mwembamba. Uji uliopikwa kwa vijiko viwili vya unga kwenye kikombe cha maji, bila maziwa wala sukari, hautoi hata kalori 100. Mtu mzima anahitaji kama 2,000 kwa siku au zaidi, na mfupa unaounga unadai protini juu yake. Akinywa vikombe vitano vya uji huo tumbo litajaa na mwili utaendelea kujila wenyewe. Mgonjwa anakuwa mnyonge, kidonda kinachelewa, na njaa ndiyo inayompeleka kwenye plaizi.

Kanuni ni moja: kila kikombe kiwe kizito kwa lishe na chepesi kwa kupita. Unachoongeza ni mafuta, maziwa, karanga na mayai, si maji.

### Kikombe cha msingi

Kwa kikombe kimoja cha ml 250 hivi:

- maziwa yenye mafuta yake, kikombe kimoja (kama kalori 150)
- karanga zilizosagwa laini, vijiko vikubwa viwili (kama kalori 190)
- mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja (kama kalori 120)
- sukari au asali, kijiko kikubwa kimoja (kama kalori 50 hadi 60)

Saga pamoja, chuja, mpe. Hapo umevuka kalori 500 kwa kikombe kimoja. Vikombe vitatu vya aina hii vikichanganywa na supu na matunda, siku imetosha. Mwenye kisukari hawekewi sukari, na vipimo vyake vifuatiliwe kwa karibu.

Mafuta hayaleti ladha mbaya yakisagwa vizuri. Mgonjwa akikataa, tumia tui zito la nazi au parachichi badala yake.

### Vyakula vya nyumbani vinavyosagika

Mtori ni kama ulitungwa kwa ajili ya kazi hii: ndizi na nyama zilizopikwa mpaka zikarojeka, zikasagwa na mchuzi wake, kijiko cha siagi juu. Uchuje, maana nyuzi za nyama hunasa kwenye waya na kuoza hapo.

Maharage, dengu na choroko: pika ziive sana, saga, kisha pitisha kwenye chujio ili maganda yabaki. Samaki mchemshie supu, toa miba yote kabla ya kusaga, na uchuje mara mbili. Mwiba uliopita chujio la kwanza ndio utakaokwama kooni mwa mtu asiyeweza kufungua mdomo.

Mayai yasiwe mabichi. Yapige, yamimine kwenye supu inayotokota huku ukikoroga, yaache yaive, ndipo usage. Yai bichi linaweza kumletea maambukizi ya tumbo na kutapika, na kutapika ndicho kitu tunachokikimbia.

Mtindi, juisi ya parachichi na maziwa, viazi vitamu vilivyosagwa na maziwa, boga na tui: vyote vinafaa. Uji wa lishe nao unafaa, ila uchekeche unga kwanza na upikie maziwa. Papai lililosagwa na kuchujwa mpe kila siku, kwa sababu choo kigumu huwasumbua wengi wanaoishi kwa vinywaji. Soda na bia aviache. Gesi humjaza tumbo, na pombe humlevya na kumtapisha.

### Namna ya kumlisha

Mkalishe wima. Onja joto la chakula kwenye kifundo cha mkono wako, kwani mdomo wa chini wenye ganzi unaweza kuungua bila yeye kujua.

Ingiza mpira wa bomba kati ya shavu na meno, ukielekea nyuma. Nyuma ya gego la mwisho kuna nafasi, na huko ndiko chakula kinakopita kuingia ndani. Sukuma ml 5 hadi 10, subiri ameze, endelea. Usisukume bomba zima kwa mkupuo. Baada ya siku chache wengi hujinywea wenyewe kwa kikombe, wakinyonya kupitia mianya ya meno. Mrija autumie daktari akiruhusu, maana kunyonya kwa nguvu kunaweza kuvuta mishono iliyo ndani ya mdomo.

Mpe mara 6 hadi 8 kwa siku. Mtu huyu anashiba haraka na njaa inarudi haraka. Kikombe kimoja kabla ya kulala ni cha lazima, kwa sababu njaa ya saa nane usiku ndiyo mbaya kuliko zote.

Umefaulu ikiwa: unampima kila wiki, siku ileile, na uzito unashuka kidogo wiki ya kwanza kisha unatulia. Ukiona kilo moja inapungua kila wiki, ongeza mafuta na karanga leo, na umweleze daktari katika kliniki inayofuata. Mkojo uwe wa rangi hafifu. Ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi.

## Hatua ya 4: Usafi wa kinywa kila baada ya kula

Waya ukikaa na chakula, fizi huvimba, huvuja damu na kunuka, na usaha unaweza kufika mahali mfupa ulipovunjika. Mfupa ulioshikwa na maambukizi hauungi vizuri. Ni hatua inayochosha, na ndiyo inayoachwa kwanza.

1. Jaza bomba maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Ainamie beseni, pitisha maji kwa nguvu ya wastani pande zote mbili kati ya shavu na meno, hadi yatoke safi.
2. Piga mswaki kwa dawa kidogo ya meno. Nyuzi zilale kuelekea fizi, juu ya ufito, kisha chini ya ufito, jino kwa jino, ukivuta shavu kwa kidole. Upande wa ndani mswaki haufiki. Ulimi wake ndio unaosugua huko, umwambie aupitishe huku na huko akiwa na maji mdomoni.
3. Suuza tena kwa bomba.
4. Asubuhi na jioni, angalau nusu saa baada ya dawa ya meno, asukutue ml 10 za klorheksidini kwa dakika moja kisha ateme. Dawa ya meno inaidhoofisha, ndiyo maana ya kusubiri. Meno yanaweza kupata madoa ya kahawia. Husafishwa baadaye hospitali.
5. Kausha ncha ya waya inayochoma shavu kwa pamba, bandika nta ukubwa wa punje ya mtama, kisha paka midomo mafuta.

Mswaki wa mti na vijiti vya meno viwekwe mbali. Vinainua waya.

Umefaulu ikiwa: baada ya wiki ya kwanza damu imeacha kutoka ukipiga mswaki, na unaweza kuongea naye uso kwa uso bila kugeuka pembeni.

## Hatua ya 5: Akitapika, au pumzi ikibana

Isome sehemu hii kabla haijahitajika. Plaizi ikae mahali pamoja panapojulikana: mchana imening'inizwa shingoni kwa kamba au iwe mfukoni mwake, usiku iwe kando ya mto. Asisafiri bila plaizi, hata kwa daladala ya vituo vitatu. Mfukoni awe na karatasi iliyoandikwa "Taya langu limefungwa waya" pamoja na namba ya simu ya nyumbani.

Akianza kutapika, usikimbilie kukata. Chakula chake chote ni majimaji, na majimaji hutoka kupitia mianya ya meno na puani.

1. Mwinamishe mbele, kichwa chini. Akiwa amelala, mgeuze ubavu. Kamwe asibaki chali.
2. Vuta shavu kwa kidole ili matapishi yapate njia. Mwambie asimeze, aache yatoke.
3. Yakikoma, suuza kwa bomba la maji.

Kata ikiwa hawezi kuvuta pumzi, anageuka rangi ya bluu midomoni, au anapoteza fahamu huku kinywa kikiwa kimejaa.

1. Mtu wa pili ashike tochi na kuvuta midomo.
2. Kata nyaya zile za kushuka tu, moja baada ya nyingine, upande mmoja kisha wa pili. Ukiweza shika ncha ya kila kipande kisiingie kooni, lakini pumzi kwanza.
3. Fungua mdomo, toa kilichomo, mlaze ubavu.
4. Mpeleke hospitali papo hapo, hata kama ametulia. Taya lazima lifungwe upya kabla halijakaa vibaya.

Njaa, hasira, harusi ya ndugu au hamu ya chapati si sababu ya kukata. Mfupa wa wiki ya tatu bado ni laini. Ukitikiswa unaungana umepinda, na kuurekebisha kunahitaji upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza.

## Hatua ya 6: Ukaguzi wa jioni

Kila jioni mmulike kwa tochi. Je, meno yanakutana vilevile kama kwenye picha ya siku ya kwanza? Kuna waya uliolegea au ulioruka? Usiukaze mwenyewe kwa plaizi. Waya ukisokotwa kupita kiasi hukatika, au hung'oa jino.

Arudi hospitali siku hiyohiyo ukiona uvimbe unaongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya nne, usaha, homa, mwanya mpya kati ya meno, au taya linalocheza akimeza. Mengine yasubiri kliniki, na kliniki asiikose hata moja. Nyaya hulegea zenyewe, na hukazwa huko.

Kazi nzito, mpira na kuogelea aviache. Kuendesha bodaboda pia, nadhani sababu haihitaji maelezo. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na kwa uzoefu wa wanaouguza, mvutaji ndiye mgonjwa atakayekwambia moshi si chakula.

## Hatua ya 7: Nyaya zimetolewa, sasa mdomo ufunguliwe

Mara nyingi daktari hukata kwanza nyaya za kushuka na kuziacha fito mahali pake kwa siku kadhaa, ili kama mfupa bado, afunge tena. Siku hiyo mdomo utafunguka kidogo tu. Misuli imelala kwa wiki nyingi na kiungo kimekakamaa. Wengi hudhani utafunguka wenyewe kadiri wanavyokula, na hapo ndipo mdomo wa kidole kimoja unapoanzia.

Daktari akiruhusu, anza siku hiyohiyo:

1. Weka kitambaa cha uvuguvugu mbele ya masikio, dakika 10.
2. Mbele ya kioo, afungue taratibu mpaka pale panapovuta, ashikilie sekunde 5 hadi 10, afunge. Mara 10. Taya lishuke wima. Likikimbilia upande mmoja, alielekeze kwa kidole.
3. Apeleke taya kulia, kushoto na mbele, mara 10 kila upande.
4. Baada ya siku chache, apange vijiti bapa vya askrimu, vilivyo safi, kati ya meno ya mbele mpaka pabane. Kila siku mbili au tatu aongeze kimoja.

Arudie mara 5 au 6 kwa siku. Kuvuta na kukaza ni sawa. Maumivu makali yanayobaki kwa saa kadhaa maana yake amezidisha.

Kipimo ni vidole vyake mwenyewe: vitatu vikisimama wima kati ya meno ya juu na ya chini, amefika. Hiyo ni kama mm 35 hadi 40. Mwezi ukipita na vidole viwili havijaingia, arudi kwa daktari, hasa kama ni mtoto au alivunjika karibu na kiungo. Kiungo cha mtoto kinaweza kuganda mfupa kwa mfupa, na hapo mazoezi hayatasaidia tena.

Chakula nacho kinarudi kwa zamu. Wiki mbili za mwanzo ni ugali laini, wali bokoboko, ndizi mbivu, samaki na mayai. Halafu chapati laini na nyama iliyoiva sana. Miwa, mahindi ya kuchoma, mishikaki na karanga nzima visubiri ruhusa ya daktari, na mara nyingi ruhusa hiyo huchukua wiki nyingine kadhaa. Ganzi ya mdomo wa chini inaweza kudumu miezi baada ya hapo, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya hupona polepole kuliko mfupa. Mpaka iishe, aendelee kuonja joto la chai kwa mdomo wa juu, na akinyoa kidevu atumie kioo.